Meza ya Kobe

Jumatatu, 3 Februari

Kobe! Mwanangu wamemweka meza ya Kobe!

Nimeenda kumchukua mchana nikamkuta kaketi pembeni kabisa, karibu na ndoo ya maji, yeye na wenzake saba. Ukutani juu ya vichwa vyao wamebandika kobe wa karatasi, wa kijani, anachekacheka. Mbele, ubaoni, ni meza za Simba. Katikati Twiga. Haihitaji mtu kwenda chuo ili aelewe mpangilio huo. Watoto wenyewe wanauelewa. Kamoja ka Simba, makamasi yanashuka, kamenifuata hadi mlangoni kunipa taarifa: "Mama Kishungi, huyu wako ni wa polepole."

Wa polepole! Mtoto anayeligonga yai kwa kucha, akalisikiliza, akakwambia hili lina ufa. Hiyo kazi, kwenye stoo yangu ya mayai, nimeajiri watu wazima wameishindwa.

Mwalimu wao bado msichana, sauti ndogo, chaki mpaka kwenye nyusi. Kasema si adhabu, ni kundi lake kwa sasa tu. Kwa sasa mpaka lini? Hilo, kasema, nimwulize Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaondoka.

Kesho atanikuta mlangoni kwake.


Jumanne, 4 Februari

Nimemsubiri. Kafika, kanikaribisha vizuri, kiti kakifuta vumbi kwa mkono wake. Mtu wa heshima. Ndiyo maana inauma zaidi.

Anasema kila mwaka mwezi wa kwanza wanawapima watoto, wanawagawa. Watakaobaki Kobe mpaka muhula uishe hawaendelei. Wanarudi chekechea, na wale wa miaka minne na mitano. "Kwa faida yao wenyewe, mama."

Kisha kanionyesha jaribio. Watoto waliambiwa waandike thelathini na nne. Kishungi kaandika moja, akaacha nafasi, akaandika nne. Mwalimu Mkuu anasoma pale kumi na nne. Mimi nikacheka, sikuweza kujizuia. Kwetu stoo, mayai thelathini ni trei moja. Yaliyozidi unayataja pembeni. Trei moja na nne! Kwa hesabu ya stoo hajapoteza hata yai.

"Hapa si stoo, mama."

Kasema nisimruhusu tena kuhesabu huko, namchanganya. Nimemjibu kuwa hiyo stoo ndiyo iliyomfundisha kwamba namba ni vitu, si wimbo. Na ataendelea kuingia.

Yule mwalimu kijana alikuwa kasimama kando muda wote. Nilipotoka kanifuata na fungu la vijiti limefungwa kwa uzi. Kasema mtoto kafanya jambo zuri, kafunga mafungu, ila fungu lake ni la thelathini na la darasani ni la kumi. Anamfundisha taratibu. Alisema kweli.

Lakini kama kafanya jambo zuri, kobe wa nini?

Nyumbani wifi yangu kaangua kicheko. "Umezaa kobe, wifi, mlee tu. Kaka yangu naye alirudia darasa, leo anaendesha lori la matairi kumi na nane."

Nikamwambia ndiyo maana kila safari anapotea njia.


Jumapili, 9 Februari

Leo stoo, mimi na Kishungi peke yetu. Nilikuwa nimepanga somo: kumi, kumi, kumi. Nimeanza kwa ukali. Hajanisikiliza hata kidogo. Alikuwa ameinamia trei tupu, anapitisha kidole kwenye vishimo, mstari mmoja, mstari wa pili, anarudi. Nikataka kumfokea. Halafu kainua kichwa, kale kanywele ka mbele kamesimama kama kishungi cha kuku, ndiko kalikompa jina.

"Mama! Trei ina kumi tatu!"

Mistari miwili ya matano. Tena miwili. Tena miwili. Mimi nimeshika trei miaka yote hii, sijawahi kuitazama hivyo.

Nikamwambia, unaona, mama yako kakufundisha! Akanitazama kwa huruma. "Si wewe. Mwalimu katufundisha na vijiti."

Haya. Asante sana.

Na si hilo tu. Mlangoni pa stoo pameandikwa MAYAI YA JUMLA, rangi imeanza kubanduka. Kasimama mbele yake, kidole hewani, anachora herufi moja moja. Ma. Ya. I. Kaduwaa. Kisha kapiga kelele kana kwamba mlango ndio uliomsemesha: "Mayai! Hapa pameandikwa mayai!" Kamwita mpaka jirani aje kusoma mlango. Jirani kafika, kakiri kwamba ni mayai kweli.

Huyo ndiye wa polepole. Nitampeleka kwa Mwalimu Mkuu mwenyewe, amwone kwa macho yake.


Alhamisi, 13 Februari

Tumeshinda!

Mwalimu Mkuu kamwuliza thelathini na nne. Kishungi: kumi tatu na nne. Hamsini na saba? Kavuta pumzi, vidole vinacheza pembeni ya sketi, kumi tano na saba. Kaandika mwenyewe, saba kaigeuza kidogo, kairekebisha. Mwalimu Mkuu kavua miwani. Kasema anakubali alipokosea. Si kila mkubwa hukubali, hilo namsifu.

Jumatatu anahamia Simba! Simba wanafundishwa na Mwalimu Mkuu mwenyewe kila asubuhi. Ndio anaowaonyesha wageni.

Mwalimu kijana kampa mkono, kamwambia hongera, kisha kaniuliza kama nina uhakika. Swali gani hilo? Nimepigana wiki nzima kwa ajili ya nini?

Wifi kasalimu amri. Kasema sasa tutamwita mwanao Bi Simba, na mama yake Mama Mwenye Mbuga.


Jumatatu, 17 Februari

Kakaa meza ya pili kutoka ubaoni. Nimechungulia dirishani mara moja tu. Mgongo wangu umenyooka mpaka stoo.


Jumanne, 25 Februari

Kuna kitu hakiendi sawa.

Daftari lake ukilitazama, utafurahi. Kurasa zimejaa, mistari imenyooka, vema nyekundu kila mahali. Kwa Kobe alikuwa anarudi na daftari karibu jeupe na mchanga kwenye nywele. Baba yake nimempigia simu huko njiani, nikamsomea vema zote, kafurahi, kapiga honi.

Leo nikamwambia anisomee kitabu. Kafungua, kasimama wima, kaanza: baba analima, mama anapika, paka analala. Vizuri kabisa, bila kukwama. Ila macho yake yalikuwa dirishani. Nikageuza ukurasa. Kaendelea: baba analima, mama anapika. Nikageuza tena. Kwenye picha kuna gari. Yeye bado baba analima!

Nikaweka kidole chini ya neno moja fupi. Soma hapa. Kaanza tena: baba analima. Nikamwambia achore kwa kidole kama alivyofanya mlangoni. Akaficha mikono nyuma.

"Kwa Simba hatugusi."

Nikampeleka stoo. Trei zimefika, tuhesabu. Kasimama mbele ya mayai, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Mtoto wa miaka sita, kasimama mbele ya mayai kama mgeni wa heshima! Nikamwambia gusa, mwanangu, haya ni yetu. Machozi yakaanza kumtoka. "Nikigusa nitakuwa Kobe tena, halafu utagombana na Mwalimu Mkuu."

Nimempa trei akae nayo mapajani. Hakuigusa.


Alhamisi, 27 Februari

Nimeomba kukaa darasani asubuhi moja. Mwalimu Mkuu kakubali haraka, alidhani nataka kujionea matunda. Wakanipa kiti cha mtoto. Magoti yangu yalikaribia masikio.

Sasa niandike nilichokiona, kisije kikapotea.

Simba: Mwalimu Mkuu kaandika ubaoni, wameimba, wamenakili. Kaandika tena, wameimba, wamenakili. Watoto ishirini, sauti moja, inapendeza kweli. Jirani ya Kishungi alikuwa anasoma kwa sauti kubwa kuliko wote na kitabu chake kimekaa kichwa chini. Kapata vema.

Twiga: hawakuwa na mtu. Wameimba wanachoimba Simba, kwa kuchelewa kidogo.

Kobe! Mwalimu kijana kachuchumaa nao sakafuni na kopo la vizibo vya soda. Mvulana mmoja wanamwita Mapengo, hana jino la mbele hata moja, kagombana na msichana mwenye shati la kaka yake. Kila mmoja alikuwa na mstari wa vizibo, kila mmoja anasema wake ndio mwingi. Wa Mapengo ulikuwa mrefu zaidi kwa sababu alivitawanya. Akasema tazama, wangu umefika mpaka ukutani! Msichana kasema wako una mashimo. Mapengo: mashimo ni yangu pia! Darasa zima la Kobe likaingia kwenye kesi. Mimi nikangoja mwalimu aamue. Hakuamua! Kawauliza tu, tutajuaje?

Nilitaka kumpigia kelele, waambie, mama, unapoteza muda! Halafu msichana kachukua kizibo chake kimoja akakiweka juu ya kimoja cha Mapengo. Kingine juu ya kingine. Wengine wakasogea kuona. Vya msichana vikabaki viwili, havina mwenza. Mapengo kavitazama muda mrefu. Nilidhani atalia. Kasema: "Kumbe kurefuka si kuongezeka." Akataka warudie.

Wafanyakazi wangu wawili hawalijui hilo. Wanapanga trei kwa nafasi wanadhani stoo imejaa.

Na Kishungi? Kageuza shingo kule kwa Kobe tangu kesi ianze. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mwalimu Mkuu kagonga ubao kwa rula: macho mbele! Akageuka. Mikono nyuma.

Mapumziko nikamfuata mwalimu kijana. Nikamwuliza kwa nini vizibo ni vya Kobe tu. Kasema aliomba Twiga nao washike, aliomba hata Simba. Akaambiwa wazazi wanataka kuona madaftari yamejaa.

"Wazazi gani hao?" nikasema.

Kanitazama tu, chaki kwenye nyusi.

Sawa. Na mimi nimo. Lakini sitajipiga kifua hapa. Kupigana nilipaswa kupigana, nilikosea meza tu.


Jumatatu, 3 Machi

Nimemwomba Mwalimu Mkuu amrudishe Kobe.

Kadhani hakusikia. Nikarudia. Kasema tangu ashike kazi hii hakuna mzazi aliyewahi kuomba kushushwa. Nikamwambia siombi ashushwe, naomba asogezwe karibu na ndoo.

Hakucheka. Kasema sawa, lakini nisaini kwamba muhula ukiisha anarudi chekechea. Nikasema sisaini. Basi abaki Simba. Nikasema habaki.

"Mama, unataka nini hasa?"

"Nataka akae Kobe, ashike vitu, na muhula ukiisha aendelee na wenzake. Yeye na wale saba."

"Wale saba si wanao."

"Nimekaa nao asubuhi nzima. Wananijua."

"Hilo halimo katika utaratibu."

"Nani aliuandika utaratibu?"

"Mimi."

"Basi mkono ulioandika si huo hapo mezani? Haujakatika."

Kasimama. Nami nikasimama. Kasema ana shule ya kuendesha, wageni wanakuja kila muhula, Simba ndio wanaoibeba shule hii. Kasema sauti yake kaipandisha kwa bahati mbaya na anaomba radhi. Kweli kaomba radhi! Lakini uamuzi haukubadilika. Wiki moja kanipa: Simba, au nisaini.

Baba Kishungi kwenye simu: mke wangu, tusiaibishane, Simba ni Simba, muache mtoto apande. Nikamwambia rudi nyumbani umkute mtoto wako anayaangalia mayai na mikono nyuma, ndipo unishauri. Kasema fanya unavyoona. Mimi hiyo naihesabu kura moja.


Alhamisi, 6 Machi

Getini, wazazi wanasubiri. Nimewaambia wote, bila kuficha. Kwamba Kobe wanajifunza na Simba wanaimba. Kwamba tuombe vizibo meza zote na tukatae habari ya kurudisha watoto chekechea.

Sikumaliza. Wameanza kucheka. Mmoja kauliza kama sasa nauza mayai na vizibo. Mwingine: "Mtoto kamshinda huko mbele, sasa anatafuta wenzake wa kuzama nao." Wazazi wa Kobe wenyewe wamenyamaza. Mama wa Mapengo kaniambia kwa kunong'ona nisimchochee Mwalimu Mkuu, wao tayari wamekubali chekechea. Wamekubali! Muhula haujaisha!

Aliyeniuma zaidi ni fundi viatu wa njia panda. Binti yake ndiye anayeongoza Simba. Mtu mpole, viatu vya Kishungi ameshona yeye. Kasema mbele ya watu: "Shemeji, binti yangu ana vema mia na zaidi. Wewe una wivu."

Nikamwambia: "Vema hizo mkabidhi binti aweke kifuani. Kisha mpe kitu asichowahi kukiona, umwombe akusomee. Gazeti, sanduku, risiti ya soli, chochote."

Kasema hana haja. Kaondoka, binti nyuma yake, daftari limebebwa mbele kama sahani.

Sasa naitwa Mama Kobe. Mlinzi wa geti mwenyewe kaniita hivyo, tena kwa adabu zote: "Mama Kobe, samahani, tunafunga."

Waite. Nimeitwa mabaya zaidi nilipoanza na kuku kumi na mbili kwenye chumba cha kulala.


Jumapili, 9 Machi

Kishungi kaniuliza kesho atakaa wapi. Nikamwuliza yeye anataka wapi. Kafikiri. "Mahali pa kugusa." Kisha: "Lakini nisirudi kwa watoto wadogo. Mimi najua kumi tano."

Basi. Hayo mawili. Siyo mengi kiasi hicho.


Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa shuleni, kwenye benchi nje ya ofisi. Nyuma ya karatasi ya mzani wa chakula cha kuku, sina nyingine.

Asubuhi nimemshika mkono Kishungi, tumepita Simba, tumepita Twiga, nimemketisha Kobe mwenyewe. Mwalimu kijana kafunga macho kidogo, kafungua, kamwekea vizibo mbele. Sitasahau.

Shida: viti. Kobe wana viti vinane na vyote vina watu. Kishungi alipopanda, mtoto mmoja wa Twiga alishushwa kujaza. Kumbe lazima wawe wanane! Hata kama hakuna wa polepole, atatafutwa! Mapengo kajisogeza, kampa nusu ya kiti chake. Wamekaa wawili, matako nusu nje, wanahesabu.

Mwalimu Mkuu kafika. Hakupaza sauti. Kasema kila mwanafunzi na kiti chake, ndiyo kanuni. Kwa Kobe hakuna kiti. Kwa Simba kipo, kimefutwa vumbi, kinamsubiri. Au nimchukue nyumbani. Nikamwambia mtoto hatoki. Kasema basi mimi nitoke darasani, ampigie mwenyekiti wa kamati ya wazazi, waamue leo hii. Nimetoka. Kishungi hakutoka. Nimesikia akimwambia Mapengo sogea kidogo.

Mlango wa ofisi uko wazi. Mwalimu Mkuu yuko kwenye simu. "Ndiyo, mwenyekiti. Mzazi mmoja tu. Ndiyo, yule wa mayai. Mmoja tu, nakwambia."

Mmoja tu. Ni kweli, hesabu yake haina kosa. Nimekaa hapa na hiyo moja yangu. Akija mwenyekiti nitamwambia yaleyale, na wakimtoa mtoto nitamrudisha kesho, na keshokutwa. Kuku wangu hawajawahi kupumzika, na mimi ni hivyohivyo.

Getini kuna kelele. Mlinzi anabishana na mtu. Anasema vitu vya nje haviingii bila kibali. Mtu anasema hiki si kitu, ni kiti.

Ni fundi viatu. Kile kiti kifupi cha kibandani kwake, cha kukalia wateja, kakiweka begani; kumbe habari ya viti ishafika njia panda. Binti yake kamshika suruali, hana daftari, mkononi ana risiti ya soli tu. Macho ya fundi mekundu. Hanitazami.

Mlinzi anamwuliza anakipeleka wapi. Anajibu kwa sauti ndogo. Mlinzi hajasikia. Mwalimu Mkuu katokea dirishani, simu bado sikioni.

Fundi anarudia, sasa kila mtu anasikia:

"Nimeuliza, meza ya Kobe iko upande gani?"

Nimesimama kumwonyesha.